Mwalimu Aliyeambiwa Moyo Wake Ni Mzima

Ukimwambia Mwalimu kwamba fisi amekula mbuzi wa jirani, hakusema pole kwanza. Alivaa viatu vyake vya mpira, akatoka kwenda kuangalia nyayo. Nilimwona akifanya hivyo mwaka nilioolewa Kilungu, kabla sijajua njia zote za huku milimani. Watu walikuwa wamesimama kando ya zizi wakieleza ukubwa wa huyo fisi, na kila aliyefika alimwongeza urefu kidogo. Mwalimu akainama, akachungulia udongo uliolowa umande, akasema, "Huyu ni mbwa. Tena ni wa hapa hapa nyumbani." Watu wakaangua kicheko, ila mwenye mbuzi, ambaye alimfunga mbwa wake jioni hiyo.

Shamba la kina Mwalimu na letu yalitenganishwa na tuta moja la nyasi. Nikiwa jikoni kwangu nilimsikia akibishana na redio, nikamsikia akiimba, na kuimba kwake kulikuwa kubaya sana. Hilo liliwashangaza wageni, kwa sababu ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa letu. Sauti yake ilikwaruza kama sufuria ikiburutwa kwenye saruji. Lakini masikio yake! Mlikuwa mkiimba kundi zima, yeye anasimamisha mkono na kumwangalia mtu mmoja tu. "Mama Ndanu, uko peke yako huko juu. Rudi kwetu." Nami nilirudi.

Kila mtu alimwita Mwalimu. Marehemu mume wake alimwita hivyo, na wajukuu wake pia. Alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na wazee wengi wenye mvi huku kwetu bado waliketi wima alipopita. Alikuwa na swali moja alilokuuliza ukimletea habari yoyote, iwe ya ndoa, ya mvua au ya siasa: "Umeona au umesikia?" Ukisema umesikia, aliendelea kupepeta mahindi yake.

Usidhani alikuwa mtu wa kufuata akili tu. Alimwogopa kinyonga. Yeye aliyeenda kuangalia nyayo za fisi alikuwa radhi kuzunguka shamba zima asipite karibu na ua wenye kinyonga. Nikamuuliza siku moja kama ameshawahi kumwona kinyonga akimdhuru mtu. Akasema, "Huyo sihitaji kumchunguza," akashika njia ya nyuma. Na muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hakuna aliyeruhusiwa kuutia chumvi. Aliuweka kwenye moto mdogo tangu asubuhi, akaulinda kama mtu anayelinda mtihani.

Nimesema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuja kuketi jikoni kwangu asubuhi moja ya ukungu na kusema, "Mama Ndanu, kuna kitu kimenikalia kifuani."

"Kitu kama nini, Mwalimu?"

"Kama mtu mzito ameketi hapa. Na taya linaniuma, na sina jino bovu."

Kulikuwa na baridi ile ya Kilungu inayoingia mpaka kwenye blanketi, lakini jasho lilikuwa likimtiririka usoni. Nilimwita mume wangu. Akatafuta gari, tukamteremsha mpaka barabarani na kumkimbiza hospitali. Daktari wa zamu alimpima umeme wa moyo, akatoa damu, na damu iliporudi kutoka maabara akatuambia waziwazi kwamba misuli ya moyo imeumia. "Huu ni mshtuko wa moyo," alisema. Siku hiyo hiyo akapelekwa Nairobi kwa ambulensi.

Huko Nairobi walipitisha mrija mwembamba kwenye mkono wake, kuanzia kifundo mpaka moyoni, wakatia dawa inayoonekana kwenye picha ili waone ni mshipa gani umeziba. Hawakuona hata mmoja. Mishipa yote ilikuwa wazi. Muuguzi aliyemtoa chumbani alimshika bega kwa furaha, akamwambia, "Mama, mishipa yako ni safi kama ya msichana."

Nasi tulifurahi. Nani asingefurahi? Tatizo lilianza baadaye, aliporudi kliniki na kukutana na daktari mwingine, kijana mwenye haraka na foleni ndefu mlangoni. Huyo aliangalia majibu ya mishipa, akasema moyo hauna shida, pengine ni asidi ya tumbo, pengine ni mawazo.

"Mama, wewe unawaza sana?"

"Nilifundisha hesabu," Mwalimu akamjibu. "Kazi yangu ilikuwa kuwaza."

Aliachishwa dawa za moyo, akapewa za tumbo.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa. Mchungaji wetu ni mtu mwema, ila furaha humtangulia. "Ndugu zangu," alisema, "dada yetu alipelekwa Nairobi mishipa ya moyo ikiwa imeziba. Madaktari wakaingia, wakaikuta wazi! Nani aliyeizibua?" Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Mwalimu alingoja tunyamaze. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Mchungaji, mishipa yangu haikuonekana imeziba hata siku moja. Mungu amenifanyia mengi, na mengine sijui. Lakini hilo sina ushahidi kwamba amelifanya."

Mchungaji akatabasamu kwa shida. "Basi tumshukuru kwa uhai."

"Kwa huo namshukuru kila asubuhi," Mwalimu akasema, akarudi kuketi.

Nadhani hakujua gharama ya maneno yale. Kama angekubali muujiza, angekuwa mtu aliyeponywa. Kwa kuukataa, alibaki mtu asiye na ugonjwa wala uponyaji. Watu wakaanza kuulizana chini kwa chini sokoni na kisimani: kama mishipa ilikuwa safi tangu mwanzo, kilichompeleka Nairobi ni nini? Wengine walisema ni upweke, mume amekufa na watoto wako mbali. Wengine walisema wastaafu hupenda kuzungukwa. Kijana wake alimpigia simu kutoka Mombasa, nikamsikia kwenye spika: "Mum, si ulipimwa ukaonekana uko sawa? Pumzika tu. Usijitie hofu."

Akaacha kulizungumzia. Lakini mimi ni jirani, na jirani huona. Nilimwona akipanda kutoka dukani, akisimama kwenye kila kona kana kwamba anakagua mbaazi za watu. Hakuwa akikagua mbaazi. Alikuwa akitafuta pumzi. Siku moja nilimkuta ameketi juu ya jiwe la mpaka, mkono kifuani, nikaketi karibu naye.

"Mama Ndanu," akasema, "nikianguka hapa watasema nini? Kwamba nilikufa nikiwa mzima?"

Nilimwambia ninamwamini. Akaniangalia kama anayesahihisha daftari la mtoto aliyejitahidi.

"Najua unaniamini. Mimi ndiye nimeanza kujitilia shaka. Mtu akiambiwa mara nyingi hana kitu, anaanza kujiuliza kama maumivu yake yana haki ya kuwepo."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu tangu nimjue sikuwahi kumsikia Mwalimu akitilia shaka kitu alichokiona kwa macho yake.

Mara ya pili ilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Aliinua mkono kutuanzisha, nasi tukavuta pumzi, tukangoja mkono ushuke. Haukushuka. Alishika ukingo wa mimbari kwa mkono wa pili, midomo ikiwa ya rangi ya majivu, akateleza taratibu mpaka sakafuni. Mchungaji ndiye aliyemwinua, na ndiye aliyeendesha gari.

Binti yake anafundisha sekondari huko Kitui. Alikuja siku hiyo hiyo, na mama yake alipopata nafuu akasema hawarudi tena kuambiwa ni asidi. Alimtafutia daktari bingwa wa moyo Nairobi, akaniomba niende nao, kwa kuwa mimi nilikuwepo tangu asubuhi ile ya jikoni.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyeangalia saa. Alikuwa na majibu yote ya zamani mezani, lakini aliyafunika kwa kiganja. "Mwalimu, haya nimeyasoma. Sasa niambie wewe."

Mwalimu akamwambia. Jikoni, taya, jasho, kona za mbaazi, mkono uliokataa kushuka. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, daktari akasema, "Damu yako ilionyesha kwamba misuli ya moyo iliumia. Kipimo cha mishipa kikaonyesha hakuna palipoziba. Vyote viwili ni kweli."

"Vitakuwaje kweli vyote viwili?" Mwalimu aliuliza, nikaona macho yake yameamka.

"Mshipa unaweza kujikaza kwa muda, ukaachia. Donge la damu linaweza kuziba, likayeyuka kabla hatujafika na kamera yetu. Au pengine si mshipa, ni misuli yenyewe iliyovimba. Nyinyi wa Kilungu ni wakulima. Kile kipimo kiliangalia mabomba ya maji. Hakikuangalia shamba. Mimi nataka kuliona shamba, nijue kama kuna pahali palipokauka, na palikauka kwa namna gani."

Kipimo chenyewe ni MRI, mashine ya sumaku, ila hii waliielekeza moyoni. Hawakutaka chuma chochote mwilini. Hereni zilitoka, pete ya ndoa ikakataa. Ilikuwa imekaa kwenye kidole hicho tangu ujana, na kidole kilikuwa kimenenepa kikaizunguka. Muuguzi alileta sabuni. Ilipotoka, Mwalimu aliiweka kwenye kiganja changu, akanikunja vidole yeye mwenyewe, akaingia bila kugeuka.

Nilisikia mlio wa mashine kupitia ukutani, kama mafundi wa jua kali wakigonga mabati wote kwa pamoja. Alikaa humo muda mrefu. Aliporudi alikuwa na plasta mkononi, mahali walipomtia dawa ya picha, na alikuwa na malalamiko.

"Yule kijana wa kwenye spika anasema shika pumzi. Sawa, nashika. Halafu anasahau kusema achilia. Kwenye kwaya yangu hangekaa wiki."

Binti yake alicheka mpaka akafuta machozi. Nafikiri alikuwa akiyangojea tangu asubuhi.

Baadaye daktari alitugeuzia kompyuta. Sijawahi kuona kitu kama kile. Moyo wa Mwalimu ulikuwa mbele yetu, wa kijivu, ukijikunja na kujikunjua kama ngumi ya mtoto aliyelala. Daktari akafungua picha nyingine, iliyotulia, ambayo misuli ilikuwa myeusi. Upande mmoja, ndani kabisa, kulikuwa na ukanda mwembamba mweupe.

"Misuli mizima inaonekana myeusi," daktari alisema. "Hapa penye weupe ni kovu. Na kwa jinsi lilivyokaa, kuanzia upande wa ndani, ni kovu la kukosa damu. Ulipata mshtuko wa moyo, Mwalimu. Ulikuwa wa kweli."

"Misuli hiyo itarudi kuwa myeusi?"

"Hapana. Lakini sehemu iliyobaki ni nzuri, na tunaweza kuilinda. Dawa ulizoachishwa, nyingi utazirudia. Na kuna nyingine ya kuzuia mshipa usijikaze."

Binti aliinamisha kichwa, ameingiwa na hofu kwa mara ya kwanza sasa alipoona jambo lenyewe. Mama yake alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili. "Asante," alisema. "Asante sana, mwanangu." Ungedhani amepewa habari ya mjukuu.

Nje, tukingoja gari, nilimrudishia pete, nikamuuliza kama ana hasira na wale wa kwanza. Alifikiri.

"Hawakudanganya. Waliulizwa kama mishipa imeziba, wakajibu haijaziba. Jibu lilikuwa sahihi. Swali ndilo lilikuwa dogo."

Tulipofika mji mdogo wa Salama kwenye barabara kuu ya Mombasa, aliomba tusimame. Nilidhani anataka machungwa. Akatuongoza kupita vibanda vya matunda mpaka kwenye hoteli ndogo ya chai na chapati, akamwulizia mwenye hoteli. Akatoka mama mmoja mnene, mchangamfu, anafuta unga mikononi. Alikuwa anaitwa Mwikali, naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani. Alipomwona alipiga kelele ya furaha, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu! Mwalimu!" akavuta kiti.

Mwalimu hakuketi. "Mwikali, unakumbuka siku ile ya tumbo?"

Ndipo nikajua habari ambayo miaka yote ya ujirani hakunisimulia. Mwalimu huyu wa "umeona au umesikia" alikuwa na sheria moja darasani: hakuna ugonjwa wa Jumatatu. Watoto waliomwambia wanaumwa asubuhi ya Jumatatu aliwarudisha kwenye madawati. Mwikali alikuwa msichana wa darasa la sita. Alisema tumbo linamuuma, Mwalimu akamgusa paji la uso, hakusikia joto, akamwambia aketi amalize hesabu. Mchana msichana alianguka. Ilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimepasuka. Alikaa hospitali karibu muhula mzima.

Mwikali alicheka, akamgusa Mwalimu mkono. "Aiya, Mwalimu, hayo ya zamani! Mimi ninachokumbuka ni kwamba ulinibeba. Ulinibeba mgongoni mpaka barabarani, ukipiga kelele magari yasimame. Mama yangu alikuombea mpaka akafa."

"Nilikubeba mchana," Mwalimu akasema. "Uliniambia asubuhi."

Mwikali akaacha kucheka. Magari makubwa yalikuwa yakipita nje, vikombe vikitetemeka mezani. Alimwangalia yule mzee kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo, si sauti ya mwenye hoteli tena, "Ni kweli. Nilikuambia. Na nilipoketi nilifikiri labda najidanganya."

"Hukujidanganya. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mwalimu." Akasita kidogo. "Nilifikiri nilisamehe zamani. Kumbe ni leo."

Tulikunywa chai.

Kilungu ni milima, na moyo wenye kovu haupendi milima. Kabla ya mwaka kwisha binti yake alimchukua wakaishi pamoja Kitui, kwenye nyumba ya tambarare yenye jua jingi. Mchungaji alimwombea safari njema, na safari hii alisema tu yale aliyoyajua: kwamba dada yetu aliugua, kwamba hatukumwelewa, kwamba anatibiwa. Kwaya iliachiwa kijana mwenye sauti tamu na masikio ya kawaida.

Nilimtembelea mara moja, nilipokwenda Kitui kwa harusi. Nyumbani nilimkuta binti peke yake. "Mama yuko hospitali," aliniambia, nami nikageuka kukimbilia mlangoni. Akanishika. "Hapana, si yeye! Amempeleka mtu. Siku hizi ndiyo kazi yake."

Nilimkuta kwenye benchi la korido, amepungua mwili, amevaa sweta ya kijani, ameketi karibu na mama mmoja anayeuza mboga kwenye mtaa wao. Mama huyo alikuwa na maumivu ya kifua ya wiki nyingi, na kila mtu alikuwa amemwambia ni uchovu. Mwalimu alinisalimia kwa furaha, akasogea nipate nafasi, akaendelea kungoja. Nilimuuliza kama anamfahamu huyo mama kwa muda mrefu. "Hapana," alisema. "Lakini mtu asisikilize majibu peke yake."

Baada ya muda daktari alitoka. Alikuwa mpole. Alimwuliza Mwalimu, "Wewe ni nani wake?"

"Si ndugu. Nimekuja kusikia pamoja naye."

Daktari akakubali, akamgeukia mgonjwa. Alisema damu ni sawa, umeme wa moyo ni sawa, na ile picha ya moyo waliyoipiga kwa kumpaka mafuta kifuani haina kasoro. Moyo wake ulikuwa mzima kabisa. "Kwa hivyo usiwe na wasiwasi, mama," alimaliza, akageuka kwenda.

Nilimwangalia yule muuza mboga. Alikuwa amepewa habari njema, na uso wake ulikuwa umeanguka. Alianza kukunja leso yake kama mtu aliyekutwa mahali asipostahili kuwa. Nikamwangalia Mwalimu, nikiogopa kwamba angebisha, kwamba angedai mashine ya sumaku, kwamba safari hii angekosea.

Hakubisha. "Daktari," aliita, na sauti ile ya kukwaruza ikajaa korido nzima. "Tumefurahi sana. Moyo tumeuondoa kwenye hesabu. Sasa tuambie, kifua chake kinaumwa na nini?"

Daktari alisimama. Aliangalia foleni, akamwangalia yule mama na leso yake iliyokunjwa nusu. Mwalimu akasogea, nami nikasogea, pakapatikana nafasi kwenye benchi. Daktari akarudi, akaketi.

"Kinauma zaidi wakati gani?" aliuliza.

Muuza mboga akaweka leso chini, akaanza kueleza.